Usiniulize nani aliteseka zaidi, niulize alikuwa na miaka mingapi

Kila nikifundisha Holokosti, yaani yale maangamizi ya Wayahudi chini ya Wanazi, lazima mwanafunzi aulize, mwalimu, kati ya hawa mabinti wa Kiyahudi tunaosoma habari zao nani aliteseka zaidi? Naelewa swali linatoka wapi ila silijibu, manake mateso hayana mizani. Mimi naanza na umri. Tunasema "mabinti wa Kiyahudi" kana kwamba ni kundi moja, kumbe wa miaka 13 na wa miaka 28 hawakupitia kitu kimoja hata kama walikaa mji mmoja.

Chukua Amsterdam. Anne Frank ndo kwanza alikuwa ametimiza miaka 13 familia yao ilipoingia mafichoni Julai 1942, na uamuzi haukuwa wake, wazazi walishapanga, yeye akaambiwa afungashe na kitu cha kwanza alichotia kwenye begi ni dayari yake. Mji huohuo yupo Etty Hillesum, miaka 28, kasoma sheria, naye anaandika dayari. Marafiki walimbembeleza ajifiche akakataa katakata. Alikuwa na kazi kwenye Baraza la Wayahudi, chombo cha Wayahudi kilichoundwa kwa amri ya Wanazi, kazi iliyompa kinga kwa muda, lakini akaomba mwenyewe apelekwe Westerbork, kambi walipokusanywa Wayahudi wa Uholanzi kabla ya kupakiwa kwenye treni, ili akawahudumie watu kule. Septemba 7, 1943 akapakiwa na yeye, na wazazi wake na mdogo wake wa kiume. Akiwa njiani akarusha postikadi nje ya treni, wakulima wakaiokota wakaiposti. Ameandika mle kwamba wameondoka kambini wanaimba.

Kule Paris kuna Hélène Berr, miaka 21, anasoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu cha Sorbonne. Ilipokuja amri ya Wayahudi kuvaa nyota ya njano ya kuwatambulisha Juni 1942 alisita, mwisho akaivaa, kwa sababu aliona kutoivaa ni kuwaacha peke yao wale wanaoivaa. Angeweza kukimbia, akabaki anasaidia watoto ambao wazazi wao wamekamatwa, na kurasa za dayari yake anampa mpishi wa nyumbani kwao amtunzie, zije zimfikie mchumba. Alisafirishwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, Machi 27, 1944, siku anayotimiza miaka 23. Yeye na Anne wote walifia Bergen-Belsen, kambi nyingine ya Wanazi huko Ujerumani, mwaka 1945, Hélène siku chache tu kabla wanajeshi wa Uingereza hawajafika Aprili 15.

Sasa kuna jambo ambalo huwa linasahaulika kabisa kwenye hizi hadithi, nalo linaniuma kuliko yote. Auschwitz, pale treni iliposimama, binti wa miaka 20 mwenye afya aliweza kuchaguliwa kwa kazi akaishi miezi kadhaa. Binti wa umri huohuo, afya ileile, ila kashika mtoto mchanga, alipelekwa kwenye chumba cha gesi na mtoto wake. Ndo maana tulionao kama mashahidi wengi wao ni waliokuwa hawajazaa. Wale kina mama vijana hatuna dayari zao.

Gerda Weissmann, wa Bielsko huko Poland, alikuwa na miaka 18 alipotenganishwa na mama yake Juni 1942. Vijana walipandishwa lori lao, akaruka kumkimbilia mama, akakamatwa akarudishwa juu kwa nguvu. Miguuni alikuwa amevaa mabuti mazito ya theluji, katikati ya joto, kwa sababu baba yake alisisitiza ayavae. Akafanya kazi viwanda vya kufuma kwa karibu miaka mitatu, halafu Januari 1945 wakaanza kuswagwa kwa miguu kwenye baridi kali, miezi na miezi, wenzake wengine wana sendo tu, vidole vinaganda. Yeye ana yale mabuti.

Rafiki yake Ilse, waliyekua naye tangu utotoni, alikufa kama wiki moja kabla ya kukombolewa. Huyo Ilse, wakiwa bado kambini, aliwahi kuokota tunda moja la rasiberi, tunda moja tu, akashinda nalo mfukoni siku nzima na njaa yake, usiku akampa Gerda likiwa juu ya jani.