Kabla hujaiita ndago, ichimbe

Picha ninazotumiwa sana WhatsApp ni za majani membamba ya kijani yaliyojaa katikati ya vitunguu, na swali: "Mtaalamu, nyasi hii niipige dawa gani?" Kwa majani peke yake sijibu. Dawa ya magugu iitwayo fluazifop, kwa mfano, huua nyasi lakini ndago huiacha ikistawi, kwa sababu ndago si nyasi.

Anza na shina linalobeba maua. Likate karibu na ardhi, uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. La nyasi huwa la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani. La ndago lina pembe tatu, limejaa ndani, halina kifundo chini ya maua. Majani yake nayo hutoka pande tatu, yanang'aa, yana mfereji katikati.

Hapo umejua jamii tu. Zinazosumbua zaidi mashambani ni mbili, Cyperus rotundus na Cyperus esculentus. Maua ya rotundus ni ya hudhurungi inayokaribia zambarau, ya esculentus ni ya manjano. Ikiwa bado changa, wengine hutazama ncha ya jani: ya esculentus huchongoka taratibu na kuwa ndefu, ya rotundus hukatika ghafla. Mimi alama hiyo siitegemei, maana ncha nyingi shambani zimekauka au zimeliwa.

Kwa hiyo chimba. Using'oe kwa mkono, shina litakatika na viazi vyake, vivimbe vya ardhini vinavyochipua upya, vitabaki chini. Inua bonge zima kwa jembe la uma, ulisuuze polepole ndani ya ndoo. Rotundus ina viazi vidogo vyeusi, vya magamba, vilivyofuatana kwenye uzi mmoja kama tasbihi, na ukikitafuna kimoja ni kichungu. Esculentus hubeba kimoja tu kwenye kila ncha ya uzi, cha mviringo, kitamu, watu huvila. (Usionje penye dawa!)

Mnyororo huo ndio unaofanya palizi ya jembe iizidishe rotundus. Kiazi cha mbele huvizuia vya nyuma visichipue; ukiukata, kila kipande huota. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, pale pale jembe linapopita.

Ukinunua miche ya viriba, pasua kimoja kwanza, upekue udongo wake kama una viazi vya ndago.