Stesheni haigawanyiki kwa 87

"Mbona jukwaa lako fupi? Si ungegawanya tu vipimo kwa 87?" Nimeulizwa tena kwenye maonyesho ya reli za modeli, kuhusu stesheni ndogo niliyoijenga kwa kuiga ya kweli, na safari hii muulizaji alikuja na ramani ya stesheni yenyewe mkononi. Basi niandike.

Kugawanya najua. Jukwaa la mita 400 kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo kimepunguzwa mara 87, ni mita 4.6. Weka pointi (panapogawanyika njia za reli) za pande zote mbili, njia za mizigo na kona ya kutokea: umeshapita mita 10, na yadi ya nyuma ya pazia, treni zinakosubiri zamu, bado. Kona ndiyo mbaya zaidi. Ile halisi ya nusu kipenyo cha mita 300 inataka karibu mita 3.5, modeli nyingi hupinda kwa sentimita 60 au chini yake. Cha ajabu, kona zangu hakuna anayezilalamikia, na ndizo zilizo mbali kabisa na ukweli! Waingereza nao hujenga 1:76 juu ya reli ya milimita 16.5. Ikuze hiyo, utakuta geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, imepungua karibu sentimita 18 kuliko ya kweli. Bado stesheni zao unazitambua ukiwa mlangoni.

Mbao na nyaya sina neno. Vipande vya modeli vikae sawa, reli za ukingoni zilehemiwe kwenye skrubu za shaba ili zisihame wakati wa kubeba, basi.

Kazi yenyewe ni kuchagua cha kukata. Jengo langu la abiria lina madirisha matatu-matatu kati ya nguzo. Mwanzo nilipunguza dirisha moja kila kundi. Likawa jengo jingine kabisa, kama mtu uliyemzoea aliyeng'olewa meno ya mbele. Nikabomoa, nikaondoa kundi zima kila upande, nguzo na madirisha yaliyobaki nikayaacha kwa kipimo chake. Sura ikarudi. Pointi nazo nimezifupisha, ila mpangilio wake sijaugusa: treni inakutana nazo kwa zamu ileile.

Halafu kuna muda, ambao haugawanyiki na chochote. Treni ya kilomita 80 kwa saa hulimaliza jukwaa la mita 400 kwa sekunde 18. Kwa skeli, mwendo huo ni sentimita 25 hivi kwa sekunde. Jukwaa langu la mita 2.4 linaisha kwa sekunde 9 na kidogo. Hesabu ni sahihi, lakini jicho linaona treni inakimbizwa. Kwa hiyo naipunguza. Kwa kiasi gani? Sina kanuni. Napiga magoti usawa wa jukwaa, naipitisha tena na tena mpaka mabehewa yapite kama ninavyoyakumbuka.

Kuna kitu kimoja tu kinachonisumbua: tangi la maji. Nimelisogeza sentimita 20 karibu na jengo ili vionekane pamoja. Kufupisha nakutetea popote. Kuhamisha kitu mahali pake, hapo moyo wangu haujatulia, na mara mbili nimeshalibandua nikalirudisha.