Je, wajua? Ndege ya roketi iliruka kabla ya ndege ya jeti, sasa mbona hatuzipandi?

Ukimuuliza mtu kipi kilitangulia kati ya jeti na ndege ya roketi, wengi watakwambia jeti. Wapi! Tarehe 20 Juni 1939, kule Peenemünde Ujerumani, rubani Erich Warsitz alirusha Heinkel He 176, ndege ya kwanza kusukumwa na roketi ya mafuta ya kimiminika peke yake. Miezi miwili baadaye, 27 Agosti, huyohuyo Warsitz akarusha He 178 ya kampuni hiyohiyo, na hiyo ndo jeti ya kwanza duniani. Na ukihesabu roketi za baruti unarudi nyuma mpaka Juni 1928, Friedrich Stamer alipopaa umbali wa kama kilomita moja na nusu na roketi mbili zilizofungwa kwenye ndege ya kuteleza, ila safari ya pili roketi moja ikalipuka, ndege ikashika moto, jamaa akatoka mzima.

Sasa aliyetangulia kaachwaje nyuma?

Ishu nzima ni oksijeni. Ili mafuta yaungue lazima yapate oksijeni, na kilo moja ya mafuta ya taa inataka zaidi ya kilo tatu za oksijeni ili iungue yote. Jeti haina shida, inavuta hewa ya bure njia nzima. Roketi haivuti chochote, inabeba kila kitu kwenye tenki zake kama mpiga mbizi na mtungi wake mgongoni, mtungi ukiisha safari imeisha. Faida yake ni kwamba haijali hewa ikiwa nyepesi, huko juu ambako jeti inaishiwa pumzi roketi ndo kwanza inachanganya. Hasara yake ni muda, na muda wenyewe ni wa dakika.

Mfano mzuri ni Messerschmitt Me 163 Komet, ndege ya kivita ya roketi ya Wajerumani. Mwaka 1941 Heini Dittmar alifikisha kilomita 1,004 kwa saa na toleo lake la majaribio, spidi ambayo kipindi hicho hakuna ndege nyingine ilikuwa inaigusa. Toleo la vita lilikuwa linapanda mpaka mita 12,000 kwa dakika tatu na ushee tu. Ila likijazwa lilikuwa na zaidi ya tani 4 na karibu nusu ya uzito huo ni mafuta, na hayo yote yalikuwa yanaisha ndani ya dakika saba na nusu hivi! Na mafuta yenyewe sio ya mchezo: upande mmoja haidrojeni peroksaidi kali, upande mwingine mchanganyiko wa methanoli na haidrazini, vikikutana tu vinawaka vyenyewe bila kiberiti, ndo maana magari mawili ya kujazia hayakuruhusiwa kusogelea ndege kwa wakati mmoja. Tenki nyingine za peroksaidi zilikaa ubavuni mwa rubani, kulia na kushoto. Magurudumu yalidondoshwa mara tu ndege ikipaa, kutua inatua kwa tumbo, na kwa kuwa injini imeshazima ni kuteleza tu na hakuna kujaribu mara ya pili. Marubani wa Marekani waliligundua hilo mapema, wakawa wanaisubiri mafuta yaishe ndo waishambulie. Na yenyewe spidi yake ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba ikimfikia adui ina sekunde chache tu za kupiga risasi kabla haijampita. Kwa maoni yangu hawakukosea injini, walikosea kazi ya kuipa.

Wamarekani baada ya vita waliipa kazi inayoiweza, majaribio ya spidi. Kwa kuwa mafuta ni ya dakika chache, kwa nini uyamalizie kwenye kupaa? Ndege yao ya roketi, Bell X-1, ikabebwa chini ya tumbo la B-29, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, na kuachiwa huko juu. Tarehe 14 Oktoba 1947 rubani Chuck Yeager akapita spidi ya sauti, tena akiwa na mbavu mbili zilizovunjika baada ya kuanguka farasi siku mbili kabla, hata mlango alikuwa hawezi kuufunga mpaka mwenzake Jack Ridley akamkatia kipande cha mpini wa fagio atumie kama wenzo.

Halafu ikaja X-15, hii ndo baba lao. Injini yake ya amonia na oksijeni ya kimiminika ilikuwa inawaka kama dakika moja na nusu hivi, basi. Ila ndani ya hizo sekunde, Agosti 1963 Joe Walker alifika karibu kilomita 108 juu, na Oktoba 1967 Pete Knight akagonga kilomita 7,274 kwa saa, na joto la spidi hiyo likayeyusha sehemu za mkia wa chini. Hiyo rekodi mpaka leo hakuna ndege yenye rubani na injini iliyoivunja.

Na ule ukomo wa muda bado uko palepale. SpaceShipOne, ndege ya roketi iliyopita kimo cha kilomita 100 mwaka 2004, nayo ilibebwa kwanza na ndege ya jeti, ikachoma raba kwa gesi ya naitrasi oksaidi kwa dakika moja na kidogo, kisha ikateleza mpaka chini injini ikiwa imezima.