Kabla hujasaini sampuli: yanayowagombanisha wateja na wachapaji

Mteja anayerudi kiwandani na hasira mara nyingi huja na vitu viwili: kadi iliyochapwa na simu yake. Anaviweka mezani kandokando na kuuliza, "Kaka, hizi rangi zinafanana?" Hazifanani. Na jibu analopewa katika sehemu nyingi za uchapaji hapa Dar es Salaam ni fupi na linaudhi: "Dada, si ulisaini mwenyewe?" Wanamaanisha sampuli, ile nakala ya kuonyesha kazi itakavyotoka, ambayo mteja huikubali kwa sahihi kabla hatujachapa.

Kazi yangu ni kuandaa mafaili kabla hayajaingia mashineni, kwa hiyo nakaa katikati ya mteja na fundi na nasikia malalamiko ya pande zote mbili. Nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Sahihi ya mtu ambaye hakuelezwa anachokisaini haimlindi mchapaji. Mteja anaijua harusi yake, anaijua biashara yake. Karatasi na wino tunavijua sisi. Tukinyamaza siku ya kupokea kazi, maneno ya siku ya kuchukua mzigo ni halali yetu.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayoleta kesi nyingi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga. Inarudisha ule unaoipiga, baada ya wino kumeza sehemu yake. Na wino tunaotumia ni wa aina nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo mwanga unazimudu na wino hauzifikii kabisa, kama kijani kinachowaka, chungwa kali na pinki ya kung'aa. Kutafuta fundi mwingine hakutasaidia. Mashine ya rangi nne itagota palepale, iwe ya Kariakoo au ya Ujerumani.

Bluu ndiyo sumbufu kuliko zote. Kamati ya harusi ikichagua bluu nzito ya sare, mbunifu huichukua kwenye kompyuta ikiwa imekoza vizuri. Ikishageuzwa kuwa wino, samawati na majenta hukaa karibu sawa, na kadi inatoka zambarau. Dawa yake ni kupunguza majenta ibaki nyuma ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Ni kazi ya dakika chache, lakini lazima ifanyike kabla hazijatolewa pleti, yaani mabamba yanayobeba kazi mashineni, moja kwa kila rangi, na mteja aione bluu hiyo mpya kwenye karatasi, kwa sababu haitakuwa ile aliyoizoea kwenye simu.

Halafu kuna dhahabu. Kwenye simu, maandishi ya dhahabu ni picha tu ya mng'ao: njano inayoingia kahawia na kurudi kwenye nyeupe. Wino wetu wa rangi nne hauna chembe ya madini ndani yake, kwa hiyo kinachotoka ni rangi ya haradali, imelala, haing'ai. Dhahabu inayomemeta inatokana na foili, utando mwembamba unaong'aa unaogandamizwa kwa chuma cha moto, au wino maalumu wenye unga wa metali. Vyote viwili vina gharama na muda wake. Mteja akiambiwa mapema, ataongeza pesa au atabadilisha mawazo, na mtaagana vizuri. Asipoambiwa atajiona ametapeliwa, na mimi siwezi kumlaumu.

Picha nazo zina mambo yake. WhatsApp huibana picha ili isafiri haraka. Ukiituma kama picha ya kawaida, tunapokea kivuli cha ile uliyopiga. Hesabu yenyewe si ngumu: kwa kazi ya kushikwa mkononi tunahitaji pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 300 kwa kila inchi. Picha yenye pikseli 1600 upande wake mrefu inatosha kama sentimita 13 na nusu, yaani kadi ndogo. Ukitaka ijaze bango la A3 lenye urefu wa sentimita 42, nyuso zitakuwa na ukungu, hata kama kwenye simu zinaonekana safi kabisa. Tuma picha kama faili, pale kwenye alama ya kuambatisha nyaraka, au ilete kwenye flashi. Bango kubwa la barabarani lina nafuu, kwa sababu linatazamwa kwa mbali.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi, yaani majina.

Kazi nzito kuliko zote tunazopokea ni ratiba za mazishi. Familia inamtuma kijana mmoja jioni, amelia mchana kutwa, simu yake inaita kila dakika, na kesho asubuhi vijitabu vinatakiwa kanisani. Anaonyeshwa sampuli kwenye kompyuta, anasema "iko sawa", anasaini. Usiku tunachapa. Asubuhi shangazi anafungua ukurasa wa wasifu na kukuta mjukuu mmoja hayumo, au mwaka wa kuzaliwa wa marehemu umekosewa. Kitabu hicho kitawekwa kabatini miaka na miaka. Hakuna punguzo la bei linalofuta hilo.

Kwa hiyo sikubali tena sampuli ya mazishi isomwe kimya kwenye kioo. Tunaitoa kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, tunaikunja kama itakavyokuwa. Mtu mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi ya familia, mwingine anafuata kwa kidole kwenye sampuli. Majina kwanza, herufi kwa herufi: Mwanaidi au Mwanahidi, Mushi au Moshi. Kompyuta haijui majina ya ukoo wako, na wakati mwingine hujipa ruhusa ya kuyasahihisha. Kisha tarehe, na hapo tunafungua kalenda kuhakikisha Jumamosi iliyoandikwa kweli ni Jumamosi. Kichwa cha habari tunakisoma cha mwisho na taratibu kuliko vyote, kwa sababu makosa ya herufi kubwa hupita mbele ya macho ya watu wengi. Kila mtu yuko bize na maandishi madogo.

Kadi za mchango zina hatua moja zaidi. Ile namba ya kupokelea pesa tunaijaribu kwenye simu palepale mezani, tuone linatokea jina la nani kabla ya kuthibitisha. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kadi 400, michango ya ukumbi inakwenda kwa mtu asiyewajua maharusi.

Zoezi zima linachukua muda mfupi kuliko foleni ya daladala. Baada ya hapo ndipo naomba sahihi, na sahihi hiyo naiheshimu, kwa sababu aliyesaini anajua alichokiangalia. Nakala moja anaondoka nayo, nyingine inabaki kwetu.

Suala la karatasi linahitaji uaminifu zaidi ya ufundi, na nalisema waziwazi. Unene wa karatasi hutajwa kwa gramu, na maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuchapia barua ni gramu 80, vipeperushi vizuri huanzia kama 130, kadi ni 250 hadi 300. Kuna wanaokutajia 300 kisha wakachapa kwenye 250, wakijua huna namna ya kupima. Namna ipo. Karatasi 16 za A4 zinatimiza mita moja ya mraba. Omba karatasi moja ya aina hiyo ikiwa tupu, imekatwa A4, iweke kwenye mzani mdogo wa jikoni: ya gramu 300 itasoma karibu gramu 19, ya 250 itasoma chini ya 16. Mchapaji mwaminifu hatachukia ukiomba. Mimi hufurahi, kwa sababu najua nazungumza na mtu atakayeelewa kwa nini bei yangu iko juu kidogo.

Na ukiuliza kwa nini kadi 100 kwa mashine ya pleti zinakaribia bei ya kadi 500, jibu ni kwamba pleti nne hutengenezwa vilevile, na karatasi zinazopotea fundi akitafuta rangi ni zilezile. Kwa kazi ndogo uliza mashine ya dijitali, haina pleti.

Nimalizie na "njoo kesho." Neno hili limeharibu jina la kazi yetu kuliko umeme unaokatika. Anayelisema mara nyingi anajua fika kazi yako bado haijaingia mashineni, ila anaogopa kukupoteza kwa kusema Alhamisi wakati jirani yake kasema Jumanne. Wewe usiulize itakuwa tayari lini. Uliza inaingia mashineni siku gani, itakauka kwa muda gani, na nani anakata. Wino wa mashine ya pleti unahitaji saa kadhaa kukauka. Karatasi zikirundikwa na kukatwa mapema, wino wa ya chini unajiandika mgongoni mwa ya juu, na kadi nyeupe zinatoka na madoa. Mchapaji anayekujibu maswali hayo matatu bila kubabaika anajua ratiba yake. Asiyejibu, usimwachie advansi ya nusu bei. Kuanzia Oktoba, kalenda na shajara zinapojaza mashine zote mjini, ongeza siku mbili tatu kwenye ahadi yoyote utakayopewa, hata ya kwangu.

Siku ya kuchukua, usihesabu maboksi tu. Fungua moja, vuta nakala kutoka katikati ya rundo, maana za juu ndizo zilizochaguliwa. Iweke kando ya sampuli uliyosaini, mlangoni kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya kiwandani. Ukiona tofauti, iseme papo hapo mzigo ukiwa bado uko mezani, mwombe fundi naye aitazame, na muandikishane idadi ya zilizoharibika kabla hujalipa ile nusu iliyobaki.