"Mbona wameshakua na hawatagi?" Urefu wa koridorasi si umri wake

Mwezi uliopita mteja alinirudishia koridorasi sita, wale kambale wadogo wa tangi la mapambo, kwenye ndoo. Alikuwa amewachukua kwangu miezi minne nyuma, wakiwa na sentimita mbili na nusu. Sasa wanakaribia nne, wamenawiri, sharubu zote zipo, na yeye amekasirika. "Dada, umeniuzia madume matupu. Wameshakua na sijaona hata yai moja." Niliwamimina kwenye beseni jeupe nikawatazama kutoka juu. Wanne kati ya sita ni majike. Nikamrudishia ndoo na samaki wake. Ni mara ya tano mwaka huu kusikia maneno hayohayo, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Watu wanaamini kwamba samaki akishafika urefu fulani amekomaa, na akikomaa lazima ataanza kutaga. Mfugaji wa kuku hawezi kukwambia hivyo. Mtetea huonekana kuku kamili wiki kadhaa kabla ya yai la kwanza, na hakuna anayempeleka sokoni kulalamika kwamba ameuziwa jogoo. Koridorasi naye huanza kwa kujenga mwili, mayai yanafuata baadaye sana.

Nitamzungumzia koridorasi wa shaba, kwa kuwa ndiye ninayemuuza zaidi. (Tangu 2024 wataalamu wamelipanga upya kundi lote na jina lake la kisayansi sasa ni Osteogaster aeneus, wauzaji wengi bado tunamwita Corydoras.) Anaanguliwa akiwa na milimita tano au sita tu. Kwenye matangi yangu, akila vizuri, hufika sentimita mbili na nusu karibu na mwezi wa tatu, na huo ndio umri ambao wengi wanamnunua. Mwezi wa sita anakaribia nne. Kuanzia hapo kasi inapungua, na mfugaji anadhani ukuaji umekwisha. Haujakwisha. Jike anaendelea hadi sita, hata saba, na sehemu kubwa ya anachokula sasa inakwenda kwenye upana na kwenye ovari. Dume hubaki mwembamba na mfupi kidogo, na huwahi kukomaa. Jike wangu hutaga mara ya kwanza akielekea mwaka mmoja. Wachache wamewahi miezi tisa, na wapo walionisubirisha mwaka na nusu. Hata hayo mayai ya kwanza huwa machache, na mengi yanageuka meupe na kuota ukungu. Usimlaumu mtu yeyote kwa hilo. Mzao wa tatu au wa nne ndio unaoanza kueleweka.

Kwa hiyo rula iweke kando. Mtazame kutoka juu. Jike aliyekaribia ana mbavu zilizotanuka nyuma ya mapezi ya kifua, amekaa kama kokwa la embe. Dume amenyooka kama kidole. Ukimtazama kwa ubavu kupitia kioo hutaona tofauti hiyo, na hapo ndipo yanapotoka maneno ya "madume matupu".

Urefu unadanganya upande wa pili pia. Niliwahi kuletewa koridorasi wa sentimita nne, mwenyewe akisema bado ni mtoto. Alikuwa naye miaka mitatu. Alikaa kwenye tangi la lita ishirini na samaki wa dhahabu wawili, changarawe kali imemla sharubu mpaka vikabaki vipande, na maji yakibadilishwa mara moja kwa mwezi. Huyo si mtoto. Ni mzee aliyedumaa, na sentimita alizozikosa akiwa mchanga hatazirudisha zote hata umhamishie tangi la kifahari. Iliniuma, kwa sababu koridorasi wa shaba akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi.

Sasa njoo kwa wanaotaka kumharakisha. Wanampa minyoo myekundu ya barafu asubuhi, mchana na usiku. Tumbo linajaa, wanafurahi kwamba "ana mayai", kumbe ameshiba tu, na mabaki yanaozea chini, mahali anapochimba kwa mdomo. Nitrati, yaani uchafu usioonekana unaotokana na mabaki hayo, inapanda, na ukuaji unasimama. Mpe kidogo mara mbili kwa siku, tembe inayozama siku nyingi na minyoo siku chache, na badilisha robo ya maji kila wiki. Vifaranga nawabadilishia kila siku, na nimeona wazi kwamba maji masafi huwakuza kuliko chakula cha ziada.

Wengine wanaongeza joto. Dar es Salaam! Mwezi wa pili tangi lisilo na hita linagusa nyuzi thelathini lenyewe, wakati samaki huyu anastarehe kati ya 22 na 26. Joto humfanya ale zaidi na ahangaike zaidi, huku maji yakibeba oksijeni pungufu. Kwa aliye Mbeya au Arusha, hita ina maana. Kwa aliye Temeke, weka feni ipulize juu ya maji.

Na hata akiwa amekomaa kweli, bado anasubiri dalili. Asili yake ni Amerika Kusini, tangu Trinidad hadi bonde la La Plata, na huko hutaga mvua zinapoanza, maji yanapopoa na chakula kuongezeka. Ndiyo sababu tunabadilisha maji kwa mengine yaliyo baridi kwa nyuzi mbili tatu. Mteja wangu wa ndoo alisema amefanya hivyo mara sita. Nikamuuliza maji anachota wapi na saa ngapi. Kwenye simtanki juu ya paa, saa nane mchana. Maji hayo yana joto kuliko ya tangi! Alikuwa akiwaletea kiangazi kila wiki huku akingoja wafanye kama ni masika. Chota alfajiri, au yaache usiku kucha ndani ya ndoo na dawa ya kuondoa klorini. Mimi natumia maji ya mvua, baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, nikichanganya nusu kwa nusu na ya bomba. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar inayo, siyatumii kabisa kwa kazi hii. Mvua kubwa ya usiku ikipiga, asubuhi nakagua vioo kabla ya chai.

"Niuzie mume na mke." Hawaishi hivyo. Nunua sita au zaidi, madume yawe mengi kuliko majike. Mwaka 1995 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jike wa shaba huzinywa mbegu za dume, zikapita tumboni haraka na kutokea yalipo mayai machache aliyoyashika kati ya mapezi yake ya chini. Kisha huenda kuyabandika kwenye kioo na kurudi tena. Dume mmoja mchanga hamalizi kazi hiyo na majike wawili. Mayai huanguliwa siku ya tatu hadi ya tano, na wazazi watayala ukiyaacha.

"Samaki hukua kulingana na tangi." Hapana. Pangasi mdogo anayeuzwa kama papa ana kimo cha zaidi ya mita moja ndani yake. Tangi dogo halibadilishi kimo hicho, linamuumiza na kumuua kabla hajakifikia. Kinyume chake, wapo wanaoogopa kumnunua koridorasi wakisikia ni jamii ya kambale, wakidhani atakuja kuwa kama kambale mumi wa bwawani. Hawezi. Ni familia nyingine kabisa.

"Anasafisha tangi, hahitaji chakula." Hasafishi, na kinyesi hali. Majike wengi waliofika mwaka wa pili bila yai niliowaona walikuwa na njaa.

"Anapanda juu kuvuta hewa, anaumwa." Humeza hewa na kuitumia kupitia utumbo, ndivyo alivyoumbwa. Akipanda kila baada ya sekunde chache, hapo pima maji.

Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika nao wananiletea kesi. Synodontis multipunctatus, jamaa wa gogogo, anaweza kukomaa vizuri kabisa na usipate kifaranga, kwa sababu huwaachia samaki wengine wanaolea mayai mdomoni wamlelee. Vifaranga wake huanguliwa mapema na kuwala wa mwenye mdomo. Bila mlezi huyo tangini, utangoja sana.

Kwa koridorasi wale wadogo kabisa, pygmaeus na hastatus, mambo ni kinyume. Hawa wanaishia sentimita mbili na nusu, tatu kwa jike mkubwa, wanaanza kutaga mapema kuliko wa shaba, na maisha yao ni mafupi, miaka mitatu hivi. Ukimkuta dukani ana kimo kamili, huenda ameshakula sehemu nzuri ya maisha yake. Kwa hao chagua wadogo, na usiwaweke karantini miezi miwili ukisubiri "wanenepe kwanza".

Yule wa ndoo nimempa kipande cha plasta. Abandike kwenye kona ya kioo, aandike tarehe aliyowanunua, aongeze miezi mitatu nyuma. Kwa hesabu hiyo wana miezi saba. Majike wale wanne nimewaona kwa macho yangu, na mmoja ameanza kutanuka.