Gigabaiti 69 za SSD yako hazikuibwa

Mtu ananunua SSD, yaani diski ya kuhifadhi data isiyo na kinachozunguka, ya terabaiti 1, anaifunga, anafungua Windows na kukuta gigabaiti 931. Anarudi dukani uso ameukunja: "Nimepigwa." Hajapigwa. Mtengenezaji huhesabu kwa kumi, kwa hiyo terabaiti 1 kwake ni baiti 1,000,000,000,000. Windows hupanda kila ngazi kwa 1,024, kisha huandika GB vilevile. Gawanya trilioni hiyo kwa 1,024 mara tatu, utafika 931. Kwa hesabu hiyohiyo, 500 husomeka 465 na 256 husomeka 238. Kitambaa cha yadi 10 ukikipima kwa mita utapata 9 na kidogo, na hakuna aliyekikata. Kompyuta za Mac zinahesabu kama mtengenezaji tangu 2009, ndiyo maana diski hiyohiyo huko inasoma terabaiti 1.

Wizi wenyewe uko kwingine, na huu unaniuma kwa sababu wanaoumia ni watu wasio na fedha ya kupoteza. Diski ya nje imeandikwa terabaiti 16, bei yake ya flashi. Ndani mna memori kadi ndogo, na kontrola yake, yaani chipu inayoiendesha, imechezewa iidanganye kompyuta. Ukinakili, kila kitu kinaonekana kimeingia, majina ya mafaili yote yapo. Siku ya kuyafungua hayafunguki, kwa kuwa nafasi halisi ilijaa zamani. Kabla ya kuweka picha za harusi humo, pima kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza diski yote kisha kusoma upya kilichoandikwa. Huchukua saa nyingi, lakini zinamuumbua mwongo.

"SSD huchakaa ukiandika sana." Seli, yaani vijumba vidogo vinavyotunza data, huchakaa, ni kweli. Kosa ni kudhani zinachakaa haraka. Chukua Samsung 870 EVO ya terabaiti 1: dhamana yake ni miaka 5 au terabaiti 600 za kuandikwa, kitakachotangulia. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku, kiasi ambacho kazi za kawaida za ofisini hazikifikii, utahitaji karibu miaka 33 kuzimaliza hizo 600. Kontrola nayo huzungusha kazi ili seli zilezile zisibebeshwe mzigo wote. Itumie diski yako bila kuionea huruma.

"Haina kinachozunguka, basi haifi." Hii ndiyo dhana ninayoiogopa zaidi. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, yaani hadi diski (hard disk), mara nyingi hugonga na kukwaruza kabla ya kufa, ukapata muda wa kuokoa vitu. SSD inaweza kuwa nzima usiku na asubuhi isionekane kabisa, kwa sababu kontrola imekufa. SSD nyingi za nyumbani pia hazina kapasita za kuzipa umeme wa kumalizia kazi pale umeme unapokatika, kwa hiyo data iliyokuwa ikiandikwa inaweza kupotea. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na nakala ya mafaili ikae kwenye diski nyingine.

Usitegemee kurudisha ulichofuta. Ukifuta faili, mfumo huiambia SSD kwa amri ya TRIM kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo huisafisha kwa wakati wake. Programu za kufufua mafaili zilizofanya maajabu kwenye hadi diski hapa mara nyingi hutoka mikono mitupu. Kuyapanga upya mafaili ya SSD kila mwezi (defrag) kama kwenye hadi diski nako hakuna faida. Kunaongeza kuandika tu.

Kwenye kufunga, wengi hujikwaa kwa M.2 na NVMe. M.2 ni umbo la diski na tundu lake. NVMe ni namna ya kuwasiliana. Ipo M.2 ya SATA, namna ya zamani ya kuwasiliana, inayoishia takribani megabaiti 550 kwa sekunde, na ipo ya NVMe inayopita mbali. Zinafanana kwa macho, lakini laptopu inayopokea SATA pekee haitaiona NVMe. Soma mwongozo wa mashine kabla ya kulipa.

Na diski mpya isipoonekana kwenye orodha ya Windows, usiirudishe bado. Mara nyingi haijaandaliwa tu. Fungua Disk Management, ukiulizwa namna ya kupangilia diski chagua GPT, kwa kuwa ile ya zamani, MBR, kwa kawaida huishia terabaiti 2, kisha tengeneza partisheni (sehemu ya diski ya kuwekea mafaili) na uifomati.