Mimba ya farasi-bahari: dume ni dume

Video ya farasi-bahari akijifungua ikizunguka tu kwenye simu, maoni ni yale yale: "Huyo ni jike, bwana." "Hawa hubadili jinsia." "Dume ndiye anayetaga." Hapana. Farasi-bahari dume ni dume maisha yake yote, na yai hatagi hata moja.

Mimba ya dume ni hali ya dume kubeba mayai mwilini mwake na kuyalisha hadi watoto watoke. Farasi-bahari ni samaki, ana matamvua kama changu, ila kuogelea ni dhaifu. Ndiyo maana hukaa maji ya kina kifupi, mkia ameuzungusha kwenye nyasi bahari, mizizi ya mikoko au matumbawe.

Sasa tuje kwenye kinachowachanganya watu. Katika biolojia, dume hatambuliwi kwa tumbo wala kwa kulea. Hutambuliwa kwa chembe ya uzazi anayotoa: ndogo, yaani mbegu, ni ya dume, kubwa yenye akiba ya chakula, yaani yai, ni ya jike. Basi jike wa farasi-bahari hutengeneza mayai, wakacheza na mwenzake, akamtilia mayai hayo kwenye mfuko ulio tumboni, akaenda zake. Dume huyarutubisha kwa mbegu zake. Mfuko wenyewe si mji wa mimba alioazima kwa jike, ni ngozi ya tumbo lake iliyobadilika. Ukishafunga, mishipa ya damu huongezeka ukutani, mayai yakapata oksijeni na mafuta, na chumvi ya majimaji ya ndani ikasogea taratibu kuelekea ile ya baharini. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi, kutegemea joto la maji, dume hujibana na kuwarusha watoto nje, makumi kwa spishi nyingine, zaidi ya 1000 kwa nyingine. Malezi yameishia hapo.

Hilo la kulisha ndilo linaloifanya iitwe mimba. Sato jike wa Ziwa Victoria naye hubeba mayai, tena mdomoni, lakini humo yanaishi kwa kiini chake yenyewe. Hiyo si mimba.

Na kama ni kubadili jinsia, mtafute chewa. Chewa wengi huanza wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume, na hakuna anayewatengenezea video.

Wapo pia wanaosema kwa farasi-bahari dume na jike wamebadilishana majukumu yote. Lakini madume wale wale wenye mifuko ndio hugombania majike, wakivutana kwa mikia.

Kwa hiyo sema bila wasiwasi kwamba dume ana mimba, kwamba amejifungua pia sawa. "Anataga" tu ndiyo tumwachie jike.